Aliyetufundisha Kuuliza Mara Mbili

Siku ya kwanza alitusomea maswali yote kwa sauti moja, kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi asubuhi. Mume wako amewahi kukuzaba kofi? Amewahi kukusukuma au kukuvuta nywele? Amewahi kukupiga ngumi, kukupiga teke, kukuburuta chini? Amewahi kukukaba koo? Kukuchoma? Kukutishia kwa panga? Tulikuwa wasichana kumi na wawili, wote tumemaliza chuo na kukosa kazi, tumeketi kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa kanisa nje ya mji wa Kisii. Kabla hajafika swali la mwisho, msichana aliyeketi karibu nami alikuwa ametoka nje kutapika.

Alimngoja arudi, akampa maji, akasema, "Afadhali utapike hapa. Ukitapika mbele ya mama wa watu, atadhani ni yeye amekuchafua."

Jina lake sitaliandika. Tukiwa mbele yake tulimwita Madam, na tukiwa peke yetu tulimwita Msimamizi, na hilo ndilo nitakalotumia. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi upande wa Nyamira, akastaafu, kisha akaajiriwa kutusimamia sisi wahoji. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika fulani lilikuwa likiwatumia watu maskini pesa kwa simu kila mwezi, bila masharti. Baadhi ya vijiji vilianza kupokea, vingine vikaambiwa vingoje, na kilichoamua ni bahati nasibu tu. Wakubwa walitaka kujua: pesa zikiingia katika nyumba, kipigo kinapungua au kinaongezeka? Sisi tulitumwa kuwauliza wanawake, nyumba kwa nyumba, katika vijiji vilivyopata na vilivyokuwa vikingoja. Majibu tungeyaingiza kwenye tableti, na Msimamizi angeyasoma yote kila jioni kabla hayajaenda Nairobi.

Alivaa gumboti kila siku, hata jua likiwaka, kwa maelezo kwamba mvua ya Kisii haipigi hodi. Tableti yake aliifunga katika mfuko wa unga wa mahindi. Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likianza kushuka simu yake ilizimwa, na hata Nairobi ikiungua moto ingemngoja mpaka Jumamosi jioni. Hakunywa chai, ingawa alikuwa na ekari nzima ya majani chai. Tulipomtania kwamba anawauzia watu kitu asichokigusa, alijibu, "Kwani fundi wa majeneza hulala ndani yake?" Tukiwa tunakunywa chai ya maziwa, yeye aliletewa maji moto na ndimu.

Alituambia kwamba neno la kwanza tutakalolazimika kulisahau ni "kupiga". Sikumwelewa mpaka nilipoenda naye nyumba ya kwanza, karibu na Suneka. Nilimwuliza mama mmoja kama mumewe humpiga. Akacheka. "Huyu? Hajawahi hata siku moja. Ni mtu wa kanisa." Msimamizi akanikanyaga mguu kwa gumboti. Nikarudi kwenye fomu, nikauliza kitendo kimoja kimoja kama tulivyofundishwa. Kofi? Ndiyo. Kusukumwa? Ndiyo. Kuvutwa nywele? Ndiyo, lakini zamani, wakati alikuwa na nywele ndefu. Mkanda? Kidogo. Nilimtazama yule mama, kidole kimesimama juu ya tableti.

"Lakini umesema hajawahi kukupiga," nikamwambia.

"Hayo si kupigwa," akasema. "Ni kurekebishwa."

Tukiwa njiani kurudi, niligeuka mara kwa mara kuitazama ile nyumba. Msimamizi alitembea mbele yangu akiruka madimbwi. "Usimshangae," alisema bila kugeuka. "Ukishangaa, atajifunga. Shangaa ukifika nyumbani kwenu."

Nikawa nashangaa kwetu. Mama yangu aliniuliza kwa nini nikirudi kazini ninamtazama baba hivyo.

Tulikatazwa kuuliza maswali hayo mtu mwingine akisikia, hata mtoto aliyeanza kuzungumza. Mtu akiingia, tulitakiwa kuhamia mara moja kwenye maswali ya kilimo. Hii tuliiona kama mchezo mpaka siku moja, katika kijiji kimoja cha Nyamira, mume alipoingia ghafla akiwa na mkungu wa ndizi begani. Mkewe alikuwa katikati ya kujibu. Mimi niliganda. Msimamizi, ambaye alikuwa amekuja kunikagua, alinipokonya tableti na kuuliza kwa sauti ileile, "Na hizi ndizi, kwa mwezi mnakata mikungu mingapi?"

Mume akatua mzigo, akavuta kigoda, akajibu yeye mwenyewe. Alitueleza habari za ndizi karibu nusu saa: za kupika, za kuiva, wadudu, madalali wa soko la Daraja Mbili wanaonunua kwa bei ya kutupa. Msimamizi aliandika yote. Mwishoni yule mume aliridhika sana. "Haya ndiyo maswali," alisema. "Kuna wengine hupita wakiuliza mambo ya kutenganisha watu." Akachukua panga, akaenda zake shambani.

Nilisikia hatua zake zikipotea. Sikukumbuka tulikuwa tumefika wapi. Mkewe ndiye aliyekumbuka. Alisogeza kigoda karibu, akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni kupata njia, "Tulikuwa tumefika kwenye teke."

Msimamizi hakuwaamini watu wa Nairobi hata kidogo, na walimpa sababu. Mara moja ripoti ilirudi ikisema kwamba wanawake wengi wa Kisii wakipigwa humkimbilia baba mzazi. Mratibu wetu, kijana mzuri asiyejua Kikisii, alifurahi, akataka hata kuandika makala kuhusu baba wa Kisii. Msimamizi aliisoma ile karatasi akainua miwani. "Mheshimiwa," alimwambia, "kwa Kikisii, 'baba' ni mama." Wahoji walikuwa wamenakili neno kama lilivyotamkwa, na aliyelitafsiri hakuuliza. Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. "Hebu fikirini," alisema. "Mama zetu wote wamegeuka wanaume, na hakuna aliyegundua."

Kuna siku nyingine ambayo simwoni akiisahau. Tulikuwa kwa mama wa makamo aliyekuwa akichagua maharage kwenye ungo. Msimamizi alipita kunikagua, akasimama mlangoni. Yule mama alimtazama, akaacha maharage.

"Mwalimu," akasema. "Ulinifundisha darasa la tano."

"Nakukumbuka," Msimamizi akasema, ingawa nadhani hakumkumbuka.

"Huyu binti ananiuliza walionipiga. Wewe nikuweke wapi kwenye hiyo orodha?"

Nilidhani ni mzaha. Halafu nikaona uso wa Msimamizi.

"Nilikuchapa kwa nini?"

"Kwa kuchelewa. Kila siku. Nilikuwa nachuna majani chai kwanza, ndipo nije shule. Hukuwahi kuniuliza."

Msimamizi alishika kizingiti. "Pole," alisema.

"Mwalimu, pole ya baada ya miaka yote hii nitaipika na nini?" Yule mama akacheka, tena bila chuki, akarudi kwenye maharage yake. Nje, Msimamizi aliniambia nimwandike kwenye fomu. Nikamwambia fomu ina nafasi ya mume tu. Akatoa daftari lake mwenyewe, akaandika kitu akiwa amesimama, mvua ikidondokea karatasi. Nilikuwa nimeshamjua kama mtu anayelia ndani kwa ajili ya wanawake waliopigwa. Sikuwa nimefikiria kwamba mkono huohuo uliwahi kushika fimbo.

Kuhusu kusaidia, alikuwa mkali mpaka tukamchukia. Sisi si polisi, si kanisa, si ndugu, alisema. Tulichoruhusiwa kutoa ni kadi ndogo yenye namba za simu na majina ya zahanati, iliyochapishwa ionekane kama tangazo la chanjo. Mwenzetu mmoja alimpa mama mwenye taya lililovimba nauli ya kwenda hospitali, na Msimamizi alimkaripia mbele yetu sote. "Ukimpa huyu, wa pili atakuambia unachotaka kusikia ili umpe." Siku iliyofuata dereva alituambia siri. Jioni ileile, baada ya kutushusha sote, Msimamizi alimwagiza ageuze gari. Walimchukua yule mama wakampeleka hospitali, wakakaa naye mpaka alipoonwa na daktari. Katika ripoti aliandika kwamba gari liliharibika.

Na alikuwa na lile somo lake la kuteleza. Huku kwetu kuna vilima, kuna matope, kuna mashamba ya chai yaliyoinama. Watu huteleza kweli. Kwa hiyo mwanamke mwenye jeraha akisema "niliteleza," alitufundisha, usibishe, wala usiandike. Uliza jambo jingine. Kisha rudi, umwulize kwa njia nyingine: uliteleza ukiwa unafanya nini? Nani alikuwepo? "Uliza mara mbili," alikuwa akisema. "Mara ya kwanza anajibu mgeni. Mara ya pili anajibu mtu."

Katikati ya kazi, matokeo ya mwanzo yalimfanya Mratibu asafiri kutoka Nairobi bila taarifa. Katika vijiji vilivyopata pesa, "ndiyo" zilikuwa nyingi kuliko katika vile vilivyokuwa vikingoja. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyegundua kwamba dawa aliyoleta ni sumu. "Tumewaletea kipigo," alisema.

"Au tumewaletea pumzi," Msimamizi akamjibu. "Mwanamke asiye na chochote haongei. Sasa ana kitu kwenye simu yake, anaongea. Wewe hupimi ngumi, unapima midomo."

"Sasa tutajuaje ni lipi?"

"Sijui," alisema. Hilo lilitushtua zaidi ya yote. Hatukuwa tumewahi kumsikia akisema hajui.

Nyumba ninayotaka kuieleza ilikuwa katika kijiji kimoja si mbali na Keroka, kwenye barabara ya Kericho ambako malori hupita mchana kutwa. Asubuhi hiyo Msimamizi alibaki mjini. Alisema eneo lile ni kwao na sheria inakataza mtu kufanya kazi kwao. Hatukuona ajabu yoyote. Tableti yangu ilinipa namba ya nyumba, na mzee wa kijiji akanionyesha boma lenye nyumba mbili: moja kubwa ya matofali, imefungwa, na nyingine ndogo ya mabati pembeni, karibu kabisa.

Mwanamke wa nyumba ndogo nitamwita Kemunto, ingawa si jina lake. Alikuwa wa umri wangu. Watoto walikuwa shuleni, mume alikuwa ametoka. Alinikaribisha, akafunga mlango, akaketi akinitazama machoni kama mtu aliyekuwa akiningoja.

Sijawahi kumhoji mtu aliyejibu vile. Hakulia, hakusita, hakupunguza sauti. Kofi, ndiyo. Ngumi, ndiyo. Kukabwa, ndiyo, mara mbili. Alinipa majibu kama anayemwandikisha mwanafunzi imla, akisubiri nimalize kila neno. Tulipofika kwenye maswali ya pesa alifikiri kidogo.

"Zilipoanza kuja, miezi ya mwanzo hakunigusa," alisema. "Alikuwa hata ananisalimia asubuhi. Nikadhani yameisha. Kisha nikanunua mbuzi bila kumwuliza. Siku hiyo alishika panga. Alinipiga kwa ubapa wake, mgongoni."

Niliuliza, na sauti yangu haikuwa ya kazini, "Sasa niandike pesa zimepunguza au zimeongeza?"

"Andika zote mbili."

Nikaendelea. Uliwahi kumwambia mtu? Ndiyo. Nani? Mama mkwe. Alikusaidiaje?

"Aliniambia nivumilie, hasira zitapungua akipata kazi. Akaniombea. Anaomba vizuri sana." Akaonyesha ukuta kwa kidole, upande wa ile nyumba kubwa. "Kutoka hapa mpaka kitanda chake si hatua thelathini. Anasikia. Lakini kuna chinsoni."

Sikuhitaji maelezo, nami ni Mkisii. Chinsoni ni ile heshima yenye aibu ndani yake, kati ya mzazi na mwana aliyeoa. Mzazi hakanyagi chumba cha mwanawe. Yanayotokea humo, hata yakisikika, hayajasikika.

Nilipomaliza alinipa kikombe cha uji. Nilikiinua kinywani, macho yangu yakapanda ukutani, na hapo ndipo nilipoiona picha ya harusi. Kemunto katika shela. Kijana mrefu katika suti ya kijivu. Na kando ya kijana, akiwa na kofia nyeupe, amemshika mkono kama mtu anayekabidhi zawadi, alikuwa Msimamizi.

Uji ulinimwagikia magotini. Sikuhisi moto wake.

"Ndiye," Kemunto alisema. "Nilijua ninyi ni timu yake. Niliona gari likipita juzi."

Nilianza kusema maneno ovyo. Nilimwambia ana haki. Nilimwambia naweza kufuta kila kitu sasa hivi na hakuna atakayejua. Nilimwambia kwamba jina lake halimo, lakini namba ya nyumba imo, na kila fomu Msimamizi huisoma mwenyewe, na ataitambua.

"Usifute."

"Dada, ataisoma leo."

"Kwani ulidhani muda wote huu nilikuwa naongea na wewe?" akasema.

Sheria ilinitaka nimpigie Mratibu simu nimweleze kwamba mhojiwa ni wa familia ya Msimamizi. Nilisimama kando ya barabara ya malori, simu mkononi, mpaka mkono ukachoka. Sikumpigia. Hadi leo sijui kama nilifanya vema.

Saa kumi tulikutana kama kawaida katika hoteli ndogo ya Keroka kukagua fomu. Mvua ilikuwa imeanza, mabati yanapiga kelele. Msimamizi alisoma za wenzangu, akauliza hili na lile. Kisha akafungua yangu. Nilimwona akisoma namba ya nyumba. Akasogeza ukurasa kwa kidole, polepole, ukurasa baada ya ukurasa. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena yote.

"Hili la panga," alisema. "Ulimwuliza mara mbili?"

"Ndiyo, Madam."

"Jibu lilikuwa lilelile?"

"Lilelile."

"Na hili la mama mkwe?"

Sikuweza kumtazama. "Lilelile, Madam."

Aliibonyeza fomu ikaenda Nairobi. Akamwita mhudumu, akaagiza chai ya maziwa. Tulitazamana. Wenzangu hawakujua sababu, lakini walijua kwamba kuna kitu kimevunjika. Alikunywa kikombe kizima, akaagiza cha pili, akakinywa nacho, huku amekishika kwa mikono miwili. Kisha akasema tutakutana kesho saa moja, tusichelewe.

Kesho yake alikuja saa moja. Keshokutwa yake pia. Alitupangia vijiji, akatukaripia kwa makosa madogo, akaimba nyimbo zake za kanisa garini. Sikuamini macho yangu. Nilingoja afanye kitu, na hakufanya. Kwa wiki nzima nilimchukia kwa nguvu ambayo sikujua ninayo. Nilifikiri: huyu mwanamke ameisoma nyumba yake mwenyewe, ameidhinisha, kisha ameendelea na kazi.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa Alhamisi na Ijumaa. Jumatatu alirudi na mkono wa kushoto ndani ya plasta, kuanzia kifundo mpaka kiwiko.

"Madam! Nini tena?"

"Niliteleza," alisema. "Kwenye majani chai."

Tulikuwa wahoji kumi na wawili, tumefundishwa na yeye. Tulikuwa tumewauliza wanawake wa vijiji vingi maswali ambayo hata dada zao hawakuwahi kuwauliza. Tukasema pole. Mmoja akambebea mkoba. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Mradi uliisha, tukatawanyika. Matokeo yalisomwa katika hoteli moja mjini Kisii, kukiwa na maafisa, vitafunio na michoro ukutani. Nilialikwa. Yeye hakuja. Mratibu alisema kwamba kwa jumla, kinyume na matokeo yale ya mwanzo, katika nyumba zilizopata pesa, kipigo kilionekana kupungua kiasi, lakini tahadhari zilikuwa nyingi kuliko majibu. Watu walipiga makofi. Nilimtafuta Kemunto katika ile michoro. Mstari uliteremka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, na mahali fulani juu yake alikuwepo mtu aliyepigwa kwa ubapa wa panga kwa sababu ya mbuzi.

Sikumwona Msimamizi kwa muda mrefu. Mwaka huu, wakati wa mvua, nilikutana naye Daraja Mbili, akibishana na mchuuzi wa mitumba juu ya sweta ya mtoto. Alikuwa amekonda. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Njoo nyumbani Jumapili. Ule mboga."

Nilikwenda. Nilimkuta uani na Kemunto, wamekaa mkeka mmoja, wanachambua chinsaga, ile mboga yetu ya mgagani. Watoto walikuwa wakikimbizana ndani ya nyumba kubwa. Nyumba ndogo ya mabati ilikuwa wazi, na ndani yake walikuwa mbuzi. Kemunto alinikumbatia, akaenda jikoni kusonga ugali. Tukabaki wawili.

Nilikuwa na swali nililokaa nalo miaka. "Madam, ile nyumba ilikuwa kwenye orodha. Ungeweza kuiondoa."

"Ningeweza. Mratibu aliniuliza kama kuna jamaa yangu kwenye orodha. Nikasema hakuna." Aliendelea kuchambua. "Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nasikia kila kitu kutoka kitandani kwangu. Ningemwuliza kwa mdomo upi? Ule uliomwambia avumilie? Nikasema, acha aulizwe na mtu niliyemfundisha mimi."

Miaka yote niliamini kwamba ni Kemunto peke yake aliyenitumia. Kumbe nilikuwa nimebebeshwa ujumbe na wote wawili.

"Na mkono?" nikauliza.

"Nilikuambia. Niliteleza."

Nikachukua majani mawili ya chinsaga, nikayachambua. Kisha nikasema, "Uliteleza ukiwa unafanya nini?"

Mikono yake ikasimama. "Umechelewa sana," alisema, lakini hakukasirika. "Nilikuwa nimeingia chumbani kwao. Nilivunja chinsoni, nikaingia, kwa sababu siku hiyo nilisikia kichwa cha mtoto wa watu kikigonga ukuta. Nikasimama katikati. Mwanangu akachukua mpini wa jembe."

Niliyaweka majani mkekani.

"Nitakuambia kilichonitisha," aliendelea. "Si maumivu. Nilimwona akichagua mahali pa kupiga. Alikuwa mtulivu, binti. Miaka yote nilimwambia Kemunto ni hasira, ni ukosefu wa kazi, ni umaskini. Nikaona macho yake, na hayakuwa na hasira yoyote. Alikuwa mtu anayefanya kazi anayoijua." Alikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto, viwili havikukunjika. "Niliita baba zake wadogo, nikaita chifu. Nikamwambia hana nyumba hapa. Akaenda."

Kemunto aliita kwamba chakula kiko tayari. Tulipokuwa tukinawa mikono, mtu alibisha langoni. Alikuwa kijana yule wa suti ya kijivu, sasa katika koti lililochakaa, amesimama nje ya wavu. Nilirudi nyuma hatua moja. Hakuna mwingine aliyeshtuka. Msimamizi alichukua sahani, akaweka ugali na chinsaga, kipande cha nyama juu, akaipeleka mwenyewe, akaipitisha kwenye nafasi iliyo kando ya lango. Mwanawe aliipokea, akaanza kula akiwa amesimama.

"Huja kila Jumapili," Kemunto aliniambia kwa sauti ya chini. "Anampa chakula. Haingii."

Mvua ikaanza, matone makubwa ya kwanza yakipiga mabati. Nje, yule kijana aliinama juu ya sahani kuikinga. Msimamizi aligeuka akaja mpaka barazani, akasimama mbele ya mkaza mwana wake. Nilikuwa nimeona watu wengi wakimwogopa mwanamke yule, machifu na madereva na wasomi wa Nairobi. Sikuwa nimemwona akiomba.

"Mama Moraa," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Mvua hii. Asimame barazani tu, amalize kula?"

Kemunto alitazama lango. Aliwatazama watoto waliokuwa wameacha kucheza ndani, wametulia tuli, wanasikiliza.

"Hapana, Mama," alisema.

"Sawa."

Hakuchukua mwavuli. Alirudi langoni katika mvua ile, akasimama upande wake wa wavu mbele ya mwanawe, wote wawili wakiloa, mpaka alipomaliza kula na kumrudishia sahani.